Sifa Zina Jina, Kura Hazina

Alhamisi moja baada ya alasiri, barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, ami yangu aliinua simu yake juu ili sote tusikie. Mheshimiwa alikuwa bungeni, sauti imemjaa, akiisifu hospitali ya Makadara. Aliwataja wauguzi wa zamu ya usiku, akawataja kina mama wanaotoka Kwale na Tana River kuja kujifungulia pale, akasema bila hospitali ile Pwani ingekuwa yatima. Maneno yalikuwa mazuri na mengi yake ni ya kweli. Video ilipokwisha ami aliirudisha simu mfukoni mwa kanzu, akanywa funda la kahawa, kisha akauliza: "Yuwasifu spitali, vyema. Je, pesa za spitali alizipigia kura gani?"

Hapakuwa na aliyejua. Ami alifanya kazi bandarini tangu ujana wake, kazi yake ikiwa ni kuhesabu mizigo inavyoshuka melini na kulinganisha na karatasi. Kwake neno lisilo na karatasi ni upepo. Akanitazama mimi kwa sababu ndiye mwenye kuandika magazetini. Nikamwambia nitamtafutia.

Nimetafuta kwa majuma kadhaa. Nilianza na Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, ambazo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma. Nilichokipata kimenifanya niandike makala haya, na nakiandika nikiwa na uchungu, maana mheshimiwa huyu si mtu mbaya na wala hayuko peke yake.

Sifa zake zote zipo, kila moja na jina lake juu, tarehe yake na kikao chake. Kuna shule ya msingi iliyofanya vizuri, timu ya mpira iliyoshinda kombe, zahanati iliyopata vyumba vipya, msikiti uliotimiza umri mkubwa, walimu na wanafunzi waliokaa kwenye roshani ya wageni na yeye akasimama kuwakaribisha kwa niaba ya watu wa Mombasa. Nilipogeukia bajeti, yaani mahali ambapo hospitali, shule na zahanati hizo hupata au hukosa uhai, nilikuta mstari mmoja usio na jina la mtu: swali liliulizwa na likakubaliwa.

Hivyo ndivyo Bunge letu linavyoamua mambo mengi. Spika huuliza swali. Wanaokubali husema Ndiyo, wanaokataa husema La, naye husikiliza kisha akatangaza upande ulioshinda. Ni kura ya sauti. Majina huandikwa pale tu wabunge wa kutosha wanaposimama kudai kura ihesabiwe mtu kwa mtu, au pale Katiba yenyewe inapotaka idadi maalumu, kama theluthi mbili. Vinginevyo mbunge anaweza kuwa amesema Ndiyo, au La, au alikuwa mgahawani akinywa chai, na mpiga kura wake wa Tudor au Likoni hana njia ya kujua.

Walio wengi hapa Mombasa hawajui hilo. Nimewauliza watu marikiti, nimewauliza kwenye foleni ya feri. Wanadhani kila kura imeandikwa mahali fulani na kwamba wao tu ndio hawajapata nafasi ya kwenda kuitazama.

Kumbukeni Septemba 20, 2018. Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ameurudisha Mswada wa Fedha akipendekeza ushuru wa asilimia 8 kwenye mafuta badala ya 16. Kuyakataa mapendekezo ya Rais kulihitaji wabunge 233. Ukumbi ukawaka moto kwa kelele. Waliopinga walidai kwamba sauti yao ndiyo iliyoshinda, kiti kikaamua vingine, vikao vikaisha kwa vurugu na ushuru ukapita. Siku ile kila mbunge wa Pwani alirudi nyumbani akiwa na uhuru wa kusema alikuwa upande wa wananchi. Dereva wa matatu ya Bamburi aliyebebeshwa ushuru ule kwenye dizeli hakuwa na karatasi ya kumwonyesha mbunge wake. Nani alisema nini? Kelele haziandikwi majina.

Sasa linganisheni na Juni 25, 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku chache kabla yake, Juni 20, ulikuwa umepita hatua ya pili kwa 204 dhidi ya 115. Zamu hii majina yalikuwepo, na vijana waliyasambaza simuni kabla ya jua kuzama. Mama anayekaanga mahamri na viazi karai Mwembe Tayari, ambaye mswada uliwahi kutaka kumtoza ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta yake ya kupikia, aliweza kuonyesha kwa kidole jina la mbunge wake na neno lililoandikwa mbele yake. Siku iliyofuata Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Mengi yalifanyika siku zile, na damu ya vijana ilimwagika, sitayarahisisha. Ila nina hakika na hili moja, kwamba orodha ya majina iliwafanya watu waliokuwa wakipungia msafara wa mheshimiwa waanze kumwita kwa jina na kumhoji kwa kitendo.

Narudi Makadara, kwa sababu swali la ami lilikuwa la hospitali.

Hospitali Kuu ya Pwani, hii tunayoiita Makadara, iko chini ya serikali ya kaunti, lakini wagonjwa wake hutoka kaunti zote sita za Pwani. Mgonjwa wa Taveta akishindikana kwao huletwa hapa. Kwa miaka kadhaa baada ya ugatuzi, hospitali kubwa za namna hii, ziitwazo za ngazi ya tano, 11 nchini, zilikuwa na fungu lao: ruzuku yenye masharti, takriban Sh4.3 bilioni kwa jumla, ambayo kaunti haikuruhusiwa kuipeleka kwingine. Maana yake ilikuwa nyepesi. Nchi ilikubali kwamba hospitali inayohudumia watu wa nje ya kaunti yake haifai kuachiwa kaunti moja kuibeba.

Kisha ukaja mwaka 2020 na vita vya Seneti juu ya mfumo wa kugawa mapato. Katiba, kifungu cha 217, inaipa Seneti kazi hiyo kila baada ya miaka mitano. Pendekezo lililokuwa mezani lingeipunguzia Mombasa fedha, pamoja na Kwale, Kilifi, Tana River na kaunti nyingi za kaskazini. Maseneta walivutana kikao baada ya kikao, kura ikaahirishwa tena na tena, hadi Septemba 17 walipopata mwafaka: hakuna kaunti itakayopoteza, na mgao wa kaunti zote utapanda kutoka Sh316.5 bilioni hadi Sh370 bilioni katika mwaka wa fedha wa 2021/22. Tulishangilia. Mimi pia nilishangilia, nakumbuka niliandika kwa furaha.

Ongezeko lile halikuwa fedha mpya tupu. Sehemu yake ilikuwa ni ruzuku zilizokuwa na masharti, zilizovunjwa na kumwagwa ndani ya mgao wa jumla, na ile ya hospitali za ngazi ya tano ilikuwamo. Fungu la Makadara likaacha kuwa la Makadara. Tangu hapo hospitali hugombania fedha na barabara, mishahara, taka na madeni ya kaunti, mbele ya bunge la kaunti la wadi 30 ambalo halimwakilishi mgonjwa wa Taveta wala wa Garsen.

Huenda kulikuwa na sababu njema. Magavana walitaka uhuru wa kupanga fedha zao, na ugatuzi wa kweli unadai uhuru huo. Nakubali hoja hiyo ina uzito. Lakini hiyo ndiyo kura ambayo iliigusa hospitali hii kuliko hotuba zote za sifa nilizozisoma, na ningependa kila mwakilishi wetu aliyekuwa kwenye mabunge yote mawili wakati ule aulizwe: ruzuku ya Makadara ilipovunjwa ulikuwa wapi, na ulisema nini?

Kwa upande wa Seneti walau kuna mlango. Kifungu cha 123 kinasema kwamba katika mambo yanayohusu kaunti, kila kaunti ina kura moja, na huipiga kiongozi wa wajumbe wake, ambaye ni seneta aliyechaguliwa. Kura moja kati ya 47. Mombasa yenye bandari, yenye ngome ya 1593, yenye watu zaidi ya milioni moja, ina kura moja sawa na Lamu, na inapotamkwa huandikwa. Hapa ndipo penye uwazi ambao Bunge la Taifa halina katika kazi zake za kila siku. Ila uwazi huo nao una kitobo: ili hoja ipite zinahitajika kaunti 24, na mara nyingi Spika huahirisha kura kwa sababu wajumbe ukumbini hawatoshi. Kaunti isiyokuwepo haijasema La wala Ndiyo. Imenyamaza, na ukimya wake hauji kwenye video ya kusambazwa.

Ukimya nao huua. Februari 27, 2019 mswada wa kutimiza sharti la theluthi mbili za jinsia ulihitaji kura 233 katika Bunge la Taifa lenye wabunge 349. Waliounga mkono walikuwa 174, waliopinga 20 tu, na saba hawakuwa na upande. Waliouangusha mswada ule ni karibu 150 ambao hawakupiga kura kabisa, na wengi wao waliwahi kusimama kwenye mikutano wakiwasifu kina mama wa vyama vya akiba.

Asifuye mvua imemnyea, walisema wazee. Ninaposikia feri ya Likoni ikisifiwa bungeni, manahodha wake, wafanyakazi wake wanaoamka usiku, huwa nataka kujua msemaji mvua ya feri imemnyea wapi. Watu zaidi ya 300,000 huvuka kwa siku. Nimevuka humo tangu nikiwa mwanafunzi: umesimama bega kwa bega, jua la saa saba limekutwanga utosini, mlango wa chuma unashuka kwa kishindo na umati unaanza kukimbia kabla haujagusa sakafu ya gati, mtoto mgongoni, kuku kapuni, baiskeli begani. Aliyelelewa ng'ambo haelezwi.

Aprili 29, 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Septemba 29, 2019 gari liliteleza kutoka MV Harambee likiwa na mama na mwanawe, na taifa zima likakaa karibu wiki mbili likitazama wapiga mbizi. Kila msiba ulipata risala zake za rambirambi bungeni, na risala zile zilitoka moyoni, sina shaka. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limeitaja kazi ya feri na bandari miongoni mwa kazi za kaunti, isipokuwa usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa. Limeandikwa tangu 2010. Leo feri ziko mikononi mwa Mamlaka ya Bandari ya Kenya, shirika la serikali kuu. Yako maswali halali juu ya gharama na uwezo wa kaunti, na mtu anaweza kuwa na msimamo wowote. Asichoweza kufanya ni kuipenda feri kwa miaka kumi bungeni bila kuwa na msimamo juu ya nani aimiliki, nani ainunulie vyombo vipya, na fungu gani la bajeti litoke. Msimamo huo hujulikana kwa marekebisho aliyoyapeleka, mswada alioudhamini na kura aliyoipiga akitajwa jina.

Bandari yenyewe ilitufundisha somo hili kwa uchungu. Agizo la kulazimisha makontena yabebwe na reli ya SGR lilipokuja kuwasumbua watu mwaka 2019, halikuwa limepitia kura yoyote ya wawakilishi wetu. Madereva wa malori na vijana waliandamana kila Jumatatu, na Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaamua kwamba agizo lile lilivunja Katiba. Waliosimama na bandari walisimama barabarani na mahakamani. Sifa za makuli hodari wa Kilindini zilikuwa zimejaa Hansadi wakati huohuo.

Sisemi sifa ni upuuzi. Nimekaa na jambo hili muda mrefu na nimeona upande wake wa thamani. Taasisi zetu nyingi hazina mwandishi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho wengine bado tunakiita Politekniki, kilianza kama taasisi ya elimu kwa Waislamu wa Afrika Mashariki, MIOME, kikawa chuo cha ufundi mwaka 1966, Politekniki 1972, chuo kikuu kishiriki 2007, na kikapata hati yake Januari 2013. Vijana wangapi wanaopita lango la Tudor wanaijua safari hiyo? Mwakilishi akisimama akaieleza kwa Kiswahili, lugha ambayo kifungu cha 120 kimeifanya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge, anaiwekea kumbukumbu ambayo haitaoza. Mjukuu atakuja kuisoma. Hilo ni jambo kubwa na ningependa lifanyike zaidi, si kwa shule zilizoshinda tu bali hata kwa zile zinazohangaika.

Desturi hii si yetu peke yetu. Katika Bunge la Marekani mbunge akitaka kuipongeza shule iliyotimiza miaka mia, kikosi cha zimamoto cha mji wake au kanisa, anaweza kupeleka maandishi yakachapishwa katika sehemu ya nyongeza ya kumbukumbu rasmi bila kuyatamka ukumbini. Sifa zilizidi huko hadi mwaka 1995 Baraza la Wawakilishi likaweka kanuni ya kuzuia miswada ya kutangaza siku na wiki za maadhimisho. Wenzetu hao nao hupenda kusifu. Tofauti ni kwamba Katiba yao inaruhusu moja ya tano tu ya wabunge waliohudhuria kudai kila jina liandikwe pamoja na kura yake, na tangu 1973 Baraza hilo hupiga kura hizo kwa mtambo wa umeme. Mwenye kupiga kura wa mji mdogo huko anaweza kuweka karatasi mbili mezani: alichokisifu mbunge wangu, na alichokipigia kura. Anaweza kuzisoma asizisome, lakini karatasi zote mbili zipo.

Sisi tunayo moja. Hata wanaojitolea kutupimia wawakilishi, kama Mzalendo Trust na tathmini yake ya kila mwaka, hulazimika kuegemea kile Hansadi ilicho nacho kwa wingi, yaani michango ya kuzungumza. Kazi yao ina faida na nawashukuru. Lakini mbunge aliyesimama mara nyingi kuzipongeza shule huonekana amefanya kazi kubwa, na aliyekaa kamatini siku nzima akibadilisha tarakimu moja ya bajeti huonekana bubu.

Kwa hivyo ninachokidai kwa wabunge sita wa majimbo ya Mombasa, mwakilishi wa kina mama na seneta ni kidogo, na wanaweza kukifanya bila sheria mpya. Inapokuja bajeti yenye fungu la hospitali, ya chuo kikuu, ya bandari au ya feri, simameni mkadai kura ya majina. Mkikosa wenzenu wa kutosha wa kusimama nanyi, semeni hadharani kwamba mlisimama na mkakosa, na hilo litaandikwa. Mkirudi nyumbani, bandikeni kwenye ofisi zenu za jimbo orodha ya kura zenu kwa Kiswahili, ukutani, mahali ambapo mtu aliyekuja kuomba basari ataisoma akiwa kwenye foleni. Kifungu cha 118 kinataka Bunge lifanye kazi zake hadharani. Hadhara ya mtu wa Majengo ni ukuta wa ofisi ya mbunge wake.

Na sisi wapiga kura tuache kuridhika haraka. Video ikifika kwenye kundi la mtaa, kabla ya kupiga makofi mtu aulize lile swali la ami. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni, na cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko serikalini. Mwandikieni mheshimiwa barua, mwiteni barazani, mwekeeni kahawa na mumwulize kwa adabu.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea ami nilichokipata. Alitoa daftari la mistari, la aina aliyokuwa akitumia bandarini, akapiga mstari wima katikati ya ukurasa kwa rula. Upande wa kushoto akaandika sifa za mheshimiwa, moja baada ya nyingine, nami nikimsomea: hospitali, shule, timu, zahanati, msikiti, feri. Zilimaliza ukurasa na kuvukia wa pili. Upande wa kulia nilikuwa na kura nne tu ambazo niliweza kuzipata zimeandikwa majina: Mswada wa Fedha wa 2023, ule wa 2024, kumwondoa naibu rais Oktoba 2024, na mswada wa marekebisho ya Katiba wa Julai 2025 wa kuilinda ndani ya Katiba hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, hazina ambayo wabunge wenyewe ndio wanaosimama kando yake wakati hundi zinapotolewa.

Ami aliisoma ile ya nne mara mbili. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akaizungushia duara, na mbele ya neno "spitali" upande wa kushoto akaacha nafasi tupu, upana wa kidole, akasema tumpelekee mheshimiwa daftari lenyewe aje aijaze kwa mkono wake.